Aling'ata saa zile zile: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa miezi 20

Mtoto wa kisa hiki alikuwa na miezi 20 alipoanza kung'ata wenzake katika chumba cha watoto wadogo cha kituo cha kulelea watoto mchana. Alikuwa mwenye afya na nguvu, aliyetembea mapema na kupanda kila kilichopandika: kiti, kabati la vitabu, hata ukingo wa beseni. Maneno yake yalikuwa machache, "mama", "hapana", "maji", "yangu" na mengine ambayo mtu asiyemzoea asingeyaelewa. Katika kundi la watoto wanane waliokuwa chini ya walezi wawili, hakuna aliyemzidi kwa wepesi wa miguu, na ni mmoja au wawili tu waliokuwa na maneno pungufu ya yake.

Nakieleza kisa hiki nikiwa mlezi aliyekuwa chumbani humo. Majina nimeyaacha, pamoja na lolote linaloweza kumtambulisha mtoto au familia yake. Vilevile simwiti "mng'ataji". Neno hilo lilikuwa limeanza kusikika mlangoni jioni, wazazi wanapokuja kuchukua watoto, na mtoto wa umri huo akishabandikwa jina, watu wazima huacha kuangalia kinachomsibu wakabaki kungoja afanye tena.

Yaliyokuwa yakitokea

Kung'ata kwenyewe kulikuwa kwa ghafla. Mwenzake anasogea, anamgusa bega au anashika kitu kilicho mkononi mwake, na kabla mtu mzima hajanyanyuka, alama ya meno iko kwenye mkono au shavu. Mara nyingi ngozi haikuchanika. Lilibaki duara jekundu lenye vishimo, likafifia baada ya saa kadhaa. Aliyeng'atwa analia, walezi wote wawili wanakimbia, mmoja anambembeleza aliyeumizwa, mwingine anamshika huyu mkono, anamkalisha kwenye kiti pembeni na kumwambia kwa sauti kali kwamba amefanya vibaya. Anakaa, anapigapiga visigino kwenye miguu ya kiti, anaruhusiwa kuondoka, na pengine hata chakula hakijaisha anang'ata tena.

Tukaanza kuandika kwenye daftari. Kwa kila tukio tuliandika mambo manne: saa, mahali, kilichotangulia na kilichofuata. Wanaochunguza tabia za watoto huitumia sana njia hii, na faida yake kubwa ni kwamba inamlazimisha mtu mzima aangalie dakika zilizotangulia, ambazo kwa kawaida hakuna anayezikumbuka baada ya kelele na machozi. Mlezi mmoja alikuwa na hakika kwamba mtoto anang'ata "siku nzima". Daftari halikusema hivyo.

Matukio karibu yote yaliangukia vipindi viwili. Cha kwanza kilikuwa kuanzia kama saa tano na nusu hadi saa sita, watoto wanapokusanywa mlangoni kwenda kunawa mikono kabla ya kula. Cha pili kilikuwa jioni, saa kumi na kitu, watoto wamebanana chumbani wakisubiri kuchukuliwa. Katikati ya vipindi hivyo, hasa baada ya usingizi wa mchana watoto walipotolewa uwanjani, kurasa zilikuwa tupu.

Kuna jambo jingine ambalo mlezi mwenzangu aliliona kabla yangu. Dakika chache kabla ya kung'ata, mtoto alikuwa akivuta ukosi wa fulana yake hadi mdomoni na kuutafuna. Ukosi unalowa, taya linakaza, kidevu kinainuka, vidole vinashikilia chochote kilicho karibu. Mwenzake akimgusa wakati huo, anang'ata. Akiwa hajaguswa, huzunguka chumbani akijigonga kwenye ukuta na viti, ukosi ungali mdomoni. Kati ya ukosi na jino kulikuwa na muda mfupi, lakini unaomtosha mtu mzima kuvuka chumba.

"Mwalimu, nyumbani hang'ati mtu," mama yake alisema tulipokaa naye. Ni rahisi kuyasikia maneno hayo kama mzazi anayemtetea mwanawe. Tulimwuliza nyumbani siku inakwendaje, na jibu lake lilitusaidia kuliko lolote tulilokuwa tumeandika. Mtoto akitoka kituoni huingia uani moja kwa moja. Anakokota ndoo, anabeba mawe kutoka upande huu kwenda ule, anamsukuma kaka yake mkubwa, na kaka anajifanya kuanguka, hadi aitwe kuoga. "Ndani hatulii kabisa," mama alisema, "lakini nje hata sauti yake siisikii."

Meno, maneno na mwili

Watu wakisikia mtoto anang'ata hufikiria meno, na sisi tulianzia hapo. Kwa kawaida magego ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19, chonge kati ya miezi 16 na 23, na magego ya pili kati ya miezi 23 na 33. Mtoto huyu alikuwa na chonge zinazosukuma ufizi, na mama alithibitisha kwamba usiku alikuwa akilialia. Tukampa pete ya mpira ya kutafuna na kitambaa safi kilicholoweshwa na kupozwa kwenye friji. Alivipenda, na nadhani vilimpunguzia maumivu. Matukio lakini hayakuhama saa zake. Kama meno yangekuwa ndiyo kiini, angeng'ata asubuhi na mchana, ndani na nje, bila kuchagua.

Maneno yalikuwa na uzito zaidi. Mtoto akikaribia miaka 2 kwa kawaida huwa na maneno kama 50 na ameanza kuunganisha mawili: "mama njoo", "taka maji". Kabla ya hapo anayoyataka ni mengi na njia za kuyasema ni chache, na mdomo hufanya kazi ambayo ulimi haujaiweza. Juu ya hayo, sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na kujizuia huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20. Kumtarajia mtoto wa miezi 20 asimame, afikiri, kisha aamue kutong'ata ni kumdai asichonacho. Ndiyo sababu kung'ata huonekana kwa watoto wengi kati ya mwaka 1 na miaka 3, na hupungua lugha inapokua. Tuliomba pia apimwe masikio, maana mtoto anayesikia kwa shida huchelewa kusema na sisi watu wazima tunamwona mkaidi. Alipimwa; anasikia vizuri.

Hata hivyo uchache wa maneno alikuwa nao saa zote. Kwa nini basi ang'ate saa hizo mbili tu?

Tuliirudia ratiba yetu wenyewe. Mtoto alifika asubuhi, akakaa mkekani kwa nyimbo, akakaa mezani kwa michezo ya kupanga na kuchomeka, akakaa tena kwa hadithi, kisha akasimama kwenye foleni ya kunawa. Uwanjani tulikuwa tunatoka mara moja tu, alasiri, tena kwa muda mfupi. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutoa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kila siku, zikiwa zimesambazwa siku nzima. Wengi wakisikia dakika 180 hushtuka, wakidhani ni mazoezi ya kutoa jasho. Ni harakati za kila aina: kutembea, kuchuchumaa, kupanda, kubeba, kukimbia. Kinachonishughulisha zaidi katika mwongozo huo ni neno "zikiwa zimesambazwa". Mtoto aliyekaa tangu asubuhi hadi saa tano na nusu hasaidiwi na kipindi cha nje cha saa tisa.

Kuna maelezo mengine yanayotoka kwa wataalamu wanaowasaidia watoto kupitia shughuli na michezo, wakifuata kazi ya Mmarekani A. Jean Ayres. Wanasema misuli na viungo hupeleka habari kwenye ubongo kila vinaposukuma, kuvuta au kubeba kitu kizito, na habari hizo humsaidia mtoto kutulia. Taya ni miongoni mwa sehemu zenye misuli yenye nguvu sana mwilini, na kung'ata kwa nguvu humpa mtoto hisia kubwa kwa jitihada ndogo. Nadharia hiyo ina wanaoipinga, na si lazima mtu aikubali yote. Mtoto anayetafuna ukosi na kujigonga ukutani anaonyesha waziwazi kwamba mwili wake unatafuta kitu cha kukikabili kwa nguvu, na hilo tulikuwa tunaliona kwa macho.

Dhana yetu ikawa hii: mtoto huyu anafika saa tano na nusu akiwa na mwili ambao haujafanya kazi, njaa inaanza, anasukumwa kwenye foleni wenzake wamemgusa pande zote, na hana neno la kusema "sogea". Jioni hali ni hiyo hiyo, na uchovu umeongezeka.

Wazo tulilolikataa

Kabla sijaeleza mpango, kuna wazo lililotolewa mapema na ambalo nalisikia mara nyingi kwa walezi na wazazi: "Akiuma tu, mtoe nje akachoke." Linasikika vizuri kwa sababu lina uwanja ndani yake. Tulilikataa, na sababu zake naona ndizo zinazotenganisha mchezo wa nje unaosaidia na ule unaoharibu.

Sababu ya kwanza ni kwamba mtoto hujifunza kutokana na kinachofuata. Akiwa amechoka na chumba, akang'ata, na mlango wa nje ukafunguka, amefundishwa ufunguo wa mlango huo. Hahitaji kuwa mjanja ili ajifunze. Inatosha lifanyike mara kadhaa. Hata mtu mzima anayemtoa akiwa na hasira, akimvuta mkono, bado anamtoa.

Sababu ya pili iko kwenye neno "akachoke". Uchovu haumpi mtoto utulivu. Mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na ule wa mchana, na akichoshwa kupita kiasi uwezo wake mdogo wa kujizuia ndio wa kwanza kuisha. Jioni yake ilikuwa mfano tosha: ndipo alipokuwa amechoka zaidi, na ndipo alipong'ata kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo uwanja ulipaswa kuja kabla ya saa ngumu, kila siku, amefanya vizuri au vibaya, na usiwe zawadi wala adhabu. Hili lilikuwa gumu kwa baadhi yetu. Ilipotokea ameng'ata asubuhi mapema, mlezi mmoja alitaka kumnyima kipindi cha nje ili "ajue". Tulimwomba asifanye hivyo. Kumnyima mtoto huyu uwanja ni kumwondolea kile hasa kinachomwezesha kufika saa sita salama.

Mpango wenyewe

Tulihamisha kipindi cha nje kikawa saa nne na nusu hadi saa tano na robo, kwa kundi zima. Hatukutaka mtoto mmoja atolewe peke yake kama mgonjwa, na ukweli ni kwamba wenzake nao walikuwa wamekaa muda mrefu mno. Foleni ya kunawa tuliifuta. Watoto wakawa wanakwenda wawili wawili huku wengine wangali wanamalizia nje. Chakula kikasogezwa mbele kidogo.

Kipindi hicho tulikijaza kazi nzito kwa kipimo cha mtoto. Tuliweka kreti ya plastiki, tukatia mchanga kiasi cha kumfanya ainamishe mgongo na kusukuma kwa miguu yote miwili. Palikuwa na vidumu vidogo vya maji vya kubeba hadi kwenye mimea na kuimwagilia. Tairi kuukuu lilifungwa kamba ya kuvuta. Kulikuwa na kichuguu cha udongo cha kupanda kwa mikono na magoti, na mipira ya kurusha ukutani. Yeye alichagua kreti. Siku ya kwanza aliisukuma hadi kwenye uzio, akazunguka, akaisukuma kurudi, uso umekunjamana, ulimi nje. Alipofika alipoanzia alivuta pumzi ndefu, akakaa juu ya mchanga ndani ya kreti, akatazama wenzake. Ukosi ulikuwa mkavu.

Michezo ya kukimbizana tuliiweka mwanzoni mwa kipindi, kamwe si mwishoni. Hili ni la kuangaliwa sana, kwa sababu watu wengi wakisema mchezo wa nje wanamaanisha kukimbia tu. Kukimbizana humpandisha mtoto: anacheka, anapiga kelele, anagongana na mwenzake, na kuna watoto ambao furaha ikizidi mdomo unafunguka na kufunga juu ya bega la mtu bila hasira yoyote. Mtoto huyu alikuwa mmoja wao. Kusukuma, kuvuta, kubeba na kuchimba humshusha. Kwa hiyo tulianza na mbio, tukaenda kwenye kazi nzito, tukamaliza na kumwagilia maji taratibu, halafu ndani.

Nje ndiko pia tulikofundishia maneno. Mtoto aliyekaza taya hasikii somo, lakini mtoto anayesukuma kreti akiwa na furaha anasikia. Mwenzake akija kushika kreti, mlezi anachuchumaa kando yake, ananyoosha kiganja mbele na kusema "hapana, yangu", kisha anamngoja ainue mkono wake. Tulichagua ishara tatu tu za mkono na maneno yake: "hapana", "nipe" na "nisaidie". Walezi wote, na mama nyumbani, tulitumia maneno yale yale kwa namna ile ile.

Ukosi ukienda mdomoni ndani ya chumba, mlezi aliye karibu anamwendea mara moja bila kumkaripia. Anamshika mabega kwa upole na kumwambia, "Mwili unataka kazi, twende tukasukume." Wanasukuma ukuta pamoja, au wanabeba kikapu cha vitabu hadi upande wa pili wa chumba. Hapa tunaitikia ishara, na hakuna aliyeumizwa bado, kwa hiyo hata kumpeleka nje ni sawa.

Akishang'ata, mambo ni mengine. Aliyeumizwa ndiye anayehudumiwa kwanza, na mbele ya macho ya aliyeng'ata. Tunaosha mahali kwa maji yanayotiririka na sabuni, tunaweka kitambaa cha baridi. Ngozi ikiwa imechanika, mzazi anaarifiwa mara moja na mtoto anapelekwa kwa mhudumu wa afya, kwa kuwa mdomo wa binadamu una bakteria wengi, na chanjo za pepopunda na homa ya ini B zinapaswa kuangaliwa. Kwa aliyeng'ata ni sentensi fupi, uso kwa uso, sauti ya chini: "Hapana kung'ata. Inauma." Kisha anabaki karibu na mlezi, akifanya jambo la kawaida, hadi chumba kitulie. Hakuna kiti cha pembeni wala hotuba, na mlango wa nje haufunguki.

Ilivyokwenda

Matukio ya kabla ya chakula yalianza kupungua ndani ya wiki ya kwanza, na hayakurudi kama zamani. Sitaki kuusifu uwanja peke yake kwa hilo. Kufuta foleni kulisaidia, na chakula kuja mapema kulisaidia. Lakini kulikuwa na siku ambazo ukarabati ulifanya uwanja ufungwe, foleni ikiwa imefutwa vilevile na chakula kikija mapema vilevile, na siku hizo ukosi ulirudi mdomoni kabla ya saa tano.

Jioni ilibaki ngumu. Tuliongeza kipindi kifupi cha nje saa kumi, tukidhani kilichofaa asubuhi kitafaa jioni, na siku hizo hizo akamng'ata mwenzake huko huko uwanjani, kwenye bembea. Daftari lilieleza sababu: bembea ilikuwa moja, watoto walikuwa wengi, na walezi walikuwa wamesimama mlangoni wakizungumza na wazazi. Foleni tuliyoifuta asubuhi ilikuwa imezaliwa upya nje. Uwanja wenyewe hauna uwezo wa kuzuia jino. Watoto wa umri huu hucheza zaidi kando kwa kando kuliko kucheza pamoja, na kumngojea mwenzako zamu ni jambo ambalo bado hawajalijua. Penye kitu kimoja kinachotakiwa na wengi, watang'atana hata chini ya mti mzuri.

Tulifunga bembea saa za jioni. Badala yake tukatoa vitu vinavyofanana kwa wingi: ndoo za rangi moja, makopo ya kuchotea mchanga, maboksi ya kusukuma ya kutosha kila mtoto kuwa na lake. Kazi ya jioni tuliifanya nyepesi kuliko ya asubuhi, mchanga na maji hasa, kwa sababu miili ilikuwa imechoka na tulichotaka ni nafasi ya kila mmoja kuwa mbali kidogo na mwenzake. Mlezi mmoja akapewa kazi ya mlangoni, mwingine akawa uwanjani bila kuongea na mzazi yeyote. Hapo ndipo jioni ilipoanza kubadilika.

Siku za mvua zilitutia wasiwasi, lakini zilipita salama kuliko tulivyotarajia. Tulisogeza meza kando, tukaweka maboksi yaliyojazwa nguo za kusukuma ukumbini, tukatandika mito ya kupanda na kuporomoka, tukatambaa chini ya meza tukiwa msururu. Kelele zilikuwa nyingi kuliko nje. Hata hivyo mwili ulipata kazi yake, saa ile ile ya nne na nusu, na kwa mtoto huyu saa ilikuwa na uzito kuliko mahali.

Wazazi

Sehemu hii ilituchosha kuliko uwanja. Mama wa mtoto aliyeng'atwa zaidi ya mara moja alikuja akiwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Mwalimu, mwanangu anarudi na alama. Huyo mtoto ataondolewa lini?" Hatukumtajia jina la aliyeng'ata, ingawa alilijua. Tulimweleza yaliyotokea, tulichofanya kwenye jeraha, na hatua tulizochukua ili lisitokee tena, kwa saa na mahali. Tulimwambia pia kwamba mtoto akiondolewa anahamia kituo kingine akiwa na tatizo lile lile, na walezi wasiojua ishara zake. Hakuridhika siku ile. Alianza kutulia alipoona kipindi cha jioni kimebadilika na kuna mlezi aliyesimama karibu na mwanawe.

Mama wa mtoto wetu alikuwa na mzigo tofauti. "Mwalimu, nyumbani wananiambia nami nimng'ate kidogo ajue inavyouma." Tulimsihi asifanye. Mtoto wa miezi 20 hawezi kuunganisha maumivu yake ya sasa na ya mwenzake wa asubuhi. Anachokiona ni kwamba mama, mtu anayemwamini kuliko wote, naye huuma. Tukamwomba badala yake aendelee na yale aliyokuwa akifanya uani bila kujua yana faida kiasi hicho, na atuletee nguo za kubadilisha zisizomtia uchungu zikichafuka. Suala la nguo si dogo. Mlezi anayeogopa kulaumiwa kwa matope humzuia mtoto kusukuma kreti, na mpango mzima unaanguka hapo.

Tulikubaliana naye pia ni lini tungetafuta msaada zaidi: kama angeendelea kung'ata mara kwa mara baada ya kutimiza miaka 3, kama angeanza kujing'ata mwenyewe, kama maneno aliyokuwa nayo yangepotea, au kama angekuwa haitikii akiitwa jina. Hakuna hata moja lililotokea.

Alipofika miezi 26 alikuwa anasema "sogea", na mara nyingine "sogea bwana", neno ambalo bila shaka alilitoa kwa kaka yake. Kung'ata kulikuwa kumebaki kwa nadra, hasa mtoto mgeni alipoingia chumbani au siku aliyolala vibaya. Alipohamia chumba cha watoto wakubwa zaidi tuliwakabidhi walezi wake wapya karatasi moja: saa zake ngumu, ishara ya ukosi, kazi anazozipenda, maneno matatu na ishara zake za mkono, na sentensi ya kumwambia akiwa ameng'ata. Ratiba yao ilikuwa na kikao kirefu cha mkekani asubuhi na uwanja ulikuja baadaye. Walitaka kumtoa nje yeye peke yake kwanza. Tulizungumza nao kuhusu wenzake waliokuwa wamekaa mkekani muda ule ule, na wakahamisha kipindi cha nje cha chumba kizima kikawa kabla ya mkeka.